Mstari Mwekundu wa Naliaka

Jumamosi iliyopita tulimfanyia Mwalimu Chelagat sherehe ya kustaafu, nyumbani kwa binti yake pale Milimani. Kulikuwa na hema jeupe, viti vilivyofungwa vitambaa, mbuzi wawili, na maziwa ya mgando ya mursik kwenye vibuyu ambayo wageni wa mjini waliyaonja kwa adabu kisha wakayaweka chini. Mimi nilipewa maikrofoni kama mtu aliyefanya kazi naye siku nyingi kuliko wengine. Nikaongea dakika tatu. Nikasema ni mchapakazi, ni mlezi, ametushika mkono, maneno ambayo ungeweza kuyasema juu ya mtu yeyote anayestaafu, hata kama ulikutana naye jana. Kabla yangu, kijana mmoja wa kitengo cha mifumo, suti imembana mabegani, alikuwa amewasimulia wageni historia ya Mwenzako, ile programu ya simu inayowasaidia wanafunzi wapya wa chuo chetu kusoma. Alisema ilibuniwa na Mwalimu na kwamba ilifaulu tangu siku ya kwanza. Watu wakapiga makofi. Mwalimu alikuwa amekaa mbele, sahani ya nyama magotini. Akageuka, akanitafuta kwa macho mpaka akanipata, akaendelea kutafuna polepole. Nikajua anakumbuka ninachokumbuka. Haikufaulu tangu siku ya kwanza. Katika mwaka wake wa kwanza, kwa mkono wangu mwenyewe, programu ile nusura imfukuzishe chuo msichana aliyekuwa akisoma kuliko wenzake wengi. Naandika haya kwa sababu zile dakika tatu nilizichezea. Ninachomshukuru Mwalimu kimo ndani ya kisa hicho, na si kisa cha kusimulia mbele ya hema na mbuzi.

Sitaanza na nilikozaliwa wala nani alinisomesha. Anayetaka habari za ukoo wetu amwulize mamangu hapa Nakuru; ataanzia Lamu, na mpaka jua litue hatakuwa amefika Mombasa. Mimi naanzia kwenye chumba. Kilikuwa stoo ya zamani ya vijitabu vya mitihani, nyuma ya jengo la utawala, chenye dirisha moja lililotazama shamba la ngano la chuo. Kilinuka karatasi na panya. Tuliingizwa humo watu watatu na meza tatu: Mwalimu Chelagat, mhadhiri wa elimu, aliyekuwa mkuu wetu, Njoroge, fundi wa kuandika programu, aliyevaa vile visikizi vikubwa vya masikioni hata wakati havikuwa vikiimba chochote, na mimi, Zena, miaka ishirini na sita, niliyetoka kufundisha makarani wa mjini kupiga chapa kwa kompyuta. Kazi yangu ilikuwa kutunga maswali na kufuatilia wanafunzi wanavyoyajibu. Nilikuwa na kiburi kidogo, nikiri. Nilikuwa nimesoma kwenye meza yangu, kwa kompyuta yangu, katika chumba chenye mlango unaofungwa, na niliamini kila mtu husoma hivyo.

Saa saba mchana tulifunga kazi tukala. Mwalimu alileta githeri, mahindi na maharagwe, kwenye hotipoti ya maua mekundu, na parachichi moja ambalo alilikata vipande vitatu kwa kisu cha karatasi. Ijumaa nilileta mahamri ya mama. Njoroge hakuleta kitu mwaka mzima, lakini yeye ndiye aliyeomba chakula kibarikiwe, na aliomba kwa kirefu. Mwalimu alikuwa na mtindo wake wa kazi ambao siku hizo niliuona wa kizamani. Kila swali nililotunga alilisoma kwa sauti huku tukila, akimtazama Njoroge usoni. Njoroge akikunja uso, swali linarudi kwangu. "Mtoto aliyetoka shule juzi hataelewa hii, Zena," angesema. "Imeandikwa ikitaka kuonekana imesoma." Nilinung'unika, nikaandika upya. Leo nafanya vivyo hivyo na vijana walio chini yangu, nao wananung'unika, na mimi nafurahi moyoni kwa namna isiyopendeza sana.

Mpango wenyewe ulikuwa rahisi. Mwanafunzi mpya hupotea katika wiki za kwanza. Anahudhuria, anaandika, anaitikia kwa kichwa, na hajui alichokosa mpaka mtihani umwambie, na hapo anakuwa amechelewa. Sisi tulitaka ajue mapema. Kila baada ya somo, simu yake ingempa maswali matano mafupi. Akikosa angepewa dokezo, akikosa tena angeelezwa taratibu. Mhadhiri naye angeona ukurasa wenye majina yote na rangi kando yake: kijani kwa anayejibu, njano kwa anayesuasua, nyekundu kwa asiyefungua kabisa. Rangi zilikuwa wazo langu, na ile nyekundu niliipigania. Njoroge yeye alileta kanuni kwamba simu moja ni ya mwanafunzi mmoja. Ukishajiandikisha, simu hiyo haimpokei mwingine. "Ukiwaachia hawa mlango wazi," alisema, "mmoja atajibia kijiji mzima." Nikacheka, nikaiandika kwenye fomu ambayo kila mwanafunzi angetia saini. Mwalimu aliuliza kama nina hakika nyekundu itasema kweli. Nikamjibu kwamba data haina undugu na mtu. Niliipenda sana sentensi hiyo, niliirudia hata nyumbani. Sasa nikiikumbuka natamani kutafuta kona ya kujificha.

Tulianza na darasa moja, la kilimo cha maua na mboga, katika tawi letu la Naivasha. Kila Alhamisi Mwalimu alitupeleka kwa gari lake lililokuwa likizimika kwenye kila mlima, naye akaingia kwenye mikutano yake na wakuu wa tawi. Mimi niliketi nyuma ya darasa, kompyuta mapajani, nikitazama mistari ikibadilika rangi. Raha niliyoipata sijawahi kuipata tena. Kulikuwa na msichana aliyeitwa Wambui ambaye mstari wake ulikuwa kijani kibichi wiki baada ya wiki. Akikosa swali alijibu tena, akikosa tena alirudia mara ya tatu, na mara ya tatu hakukosa. Nilimwona ni mfano wa bidii. Nikachapisha picha yake, nikaibandika kwenye ubao wa matangazo chini ya maneno makubwa ya pongezi. Na kulikuwa na mwingine, Naliaka, ambaye mstari wake ulikuwa mwekundu tangu wiki ya kwanza. Hakufungua programu hata mara moja. Alikaa dawati lililokuwa mbele yangu kabisa, nikaona tu kisogo chake na kola ya sweta iliyoshonwa kwa uzi wa rangi nyingine.

Katikati ya muhula wakafanya mtihani wa karatasi. Naliaka akawa wa pili darasani. Nilikaa stoo nikiangalia alama upande mmoja na ule mstari mwekundu upande wa pili, na vitu hivyo viwili vikakataa kukaa pamoja. Nikamwonyesha Njoroge. Akainua kisikizi kimoja. "Huyo amekopi," akasema, akakirudisha. Kwenye ripoti yetu kulikuwa na safu ya maoni, na mimi ndiye niliyeijaza. Nikaandika: "Hatumii programu kabisa, lakini ana alama za juu. Inaelekea amenakili." Nikaenda kwa jina lililofuata. Ripoti ikatiwa saini, ikatumwa Naivasha, na mimi nikaisahau.

Stoo yetu ilitenganishwa na ofisi ya mitihani kwa ukuta wa mbao nyembamba, na saa nne makarani wawili wa huko walikunywa chai kwa sauti. Tulijua habari zao zote, nani ameposwa, nani amehamishwa. Ijumaa moja, wiki mbili baada ya ripoti, nilikuwa ndio kwanza nimeuma hamri.

"Huyo wa Naivasha ako na kamati ya nidhamu Jumatano," mmoja akasema.

"Gani?"

"Wa maua. Naliaka nani sijui. Ati kompyuta imemshika akikopi."

"Na amejibu barua?"

"Amejibu mstari moja. Anasema hana la kusema."

"Ah. Basi anaenda nyumbani huyo. Mtu hana la kusema ni mtu amefanya."

Hamri lilibaki mdomoni. Kompyuta imemshika, alisema, na mimi nilijua kwamba kompyuta haikuandika lile neno. Nililiandika mimi, nikiwa nimekaa kwenye kiti hiki hiki, na sikuchukua hata muda wa kunywa maji. Mwalimu alikuwa akisahihisha insha dirishani. Nikamweleza yote, nikijitahidi yasionekane makubwa.

Akaweka kalamu chini. "Ulimwona akinakili?"

"Hapana, Mwalimu."

"Njoroge, wewe ulimwona?"

Njoroge akatikisa kichwa.

"Sasa kompyuta ilimwona na nini?" Hakupandisha sauti. Angepandisha ningejitetea. Akachukua hotipoti ya chakula cha mchana, akairudisha kwenye mkoba. "Nenda Naivasha leo, Zena. Uende mahali anaishi. Hiyo kompyuta uiache hapa."

Kwa hivyo alasiri hiyo nilikuwa nyuma ya boda boda, barabara ya kusini mwa ziwa, nikielekea mtaa wa Karagita. "Ploti gani, Madam?" mwendeshaji akaniuliza. "Karagita yote ni ploti." Nilikuwa na jina tu la ploti kwenye fomu ya usajili, tukauliza watu wanne. Zamu ya asubuhi ya mashamba ya maua ilikuwa imetoka, na barabara ilijaa wanawake waliotembea wakiongea, wengine wakiwa bado na gambuti miguuni. Ploti yenyewe ilikuwa safu mbili za vyumba vya mabati vilivyotazamana, milango ya buluu, kamba za nguo juu, mfereji mmoja wa bomba katikati. Mwanamke mmoja alikuwa akiosha gambuti mferejini. Mikono yake ilikuwa na mikwaruzo myembamba mpaka kwenye viwiko, ya miiba ya waridi. Nikasalimia, nikamtaja Naliaka.

"Huyo ni wangu," akasema. "Lakini hayuko. Ameenda kwa geti."

"Geti gani, mama?"

"Ya maua. Wanaandika vibarua. Nilimwambia ngoja kwanza hiyo kamati, akasema mama, wacha tu." Akanitazama viatu, kisha uso. "Wewe ndiye wa kompyuta."

Sikujua amejuaje. Nikasema ndimi. Nilitarajia matusi, na ningeyapokea. Akajipangusa mikono kwa leso, akanifungulia mlango. "Ingia basi. Huwezi kuongea umesimama hapo kwa maji."

Kwenye chumba kile nilijifunza zaidi ya nilivyojifunza katika miaka minne ya digrii. Kilikuwa na kitanda kimoja kilichochukua nusu yake, pazia, jiko la mkaa mlangoni lenye sufuria ya sukuma wiki, na vitabu vimepangwa juu ya debe la unga. Kitandani walikuwa wamekaa wasichana wawili, vichwa vimegusana juu ya simu yenye kioo kilichopasuka. Mmoja wao alikuwa Wambui, yule niliyembandika ubaoni. Aliponiona aliisukuma simu chini ya mto. Mwingine, wa darasa hilohilo, niliyekuja kumjua kama Moraa, alibaki ameshika daftari wazi. Mama Naliaka akanipa kigoda, akanimiminia chai ya maziwa yenye sukari tayari, akakaa mlangoni kugeuza mboga. Nikanywa chai.

"Madam," Moraa akauliza, "tukikuambia utatuandika?"

"Sitaandika. Hata kalamu sikubeba."

Wakatazamana. Wambui akaitoa simu chini ya mto. Ilikuwa yake, aliletewa na kakake. Naliaka alikuwa na mulika mwizi, ya kupiga na kupokea basi. Ya Moraa ilikuwa imetumbukia ndooni mwezi wa kwanza wa masomo. Na programu yetu ilikuwa imekataa kumpokea mtu wa pili kwenye simu moja, na fomu ilisema ni makosa hata kujaribu.

"Sasa tukafanya chama," Wambui akasema.

"Chama?"

"Ya kawaida tu, Madam. Kama ile ya kununuliana masufuria kwa zamu." Akanionyesha ukutani. Karatasi ya daftari ilikuwa imebandikwa kwa ugali, imepigwa mistari kwa rula, siku upande mmoja, majina matatu upande mwingine. Mwenye zamu ndiye aliyesoma swali kwa sauti. Halafu kila mmoja alijibu, wakabishana, jibu la wa kwanza likabonyezwa. Likikataa wanasoma dokezo, wanabishana tena, linabonyezwa la wa pili. "Ya tatu ni ya Naliaka. Tunamwacha wa mwisho sababu yeye anajua. Akianza, sisi hatutafikiria."

Nikaiweka chai chini. Zile mara tatu nilizozisifu ubaoni kama bidii ya mtu mmoja zilikuwa za watu watatu. Nikauliza kwa nini Naliaka hakueleza hivyo kwenye barua.

Wambui alianza kulia, akalia huku anaongea. "Akisema, mimi ndio wataandikia barua. Nilisaini kwa ile karatasi yenu. Nilimwambia aseme tu, mimi nitajua vile nitafanya. Akasema tukienda nyumbani wawili itasaidia nani."

Mama Naliaka alizungumza bila kugeuka kutoka kwenye jiko. "Hapa hakuna kitu ya mtu moja, msichana wangu. Mfereji tunashikilia zamu. Choo, zamu. Mimi mwenyewe godoro nalalia nilipata kwa chama. Hawa walifanya vile wameona." Akapakua sukuma na ugali, akaniwekea mbele kabla ya kuwawekea wasichana. Nilikula nikiwa na aibu, na nilikula chote. Nilimsubiri Naliaka mpaka nikaona nitakosa gari la kurudi. Hakuja. Nikaondoka nikijiambia kwamba sasa najua kila kitu.

Jumatatu Njoroge alifungua kumbukumbu za simu ya Wambui, zile ambazo tulikuwa nazo muda wote na hatukuzitazama. Jibu la kwanza lilikuja haraka, la pili lilichukua muda, la tatu lilichukua muda zaidi, na mtindo ulikuwa uleule wiki baada ya wiki. Alivua visikizi, akaviweka mezani, jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya. "Tumechukua watu watatu," akasema, "tukaita mmoja shujaa, na wawili tukaita wavivu."

Nilimwomba Mwalimu aende kwenye kamati akaseme. Nilimsihi, hasa. Yeye ni daktari wa elimu, ni mkuu wa mradi, akisema watasikia. Mimi nilikuwa wa mkataba unaoisha mwisho wa muhula, na mwezi huohuo chuo kilikuwa karibu kuamua kama Mwenzako itapelekwa matawi yote. Nikisimama kusema tulikosea, nilimwambia, wataizima, na sisi tutarudi mjini kufundisha makarani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema maneno ambayo niliyabeba hadi chini ya lile hema la Milimani nikashindwa kuyatoa: "Watanisikia, ndiyo. Lakini hiyo safu uliandika wewe. Utaenda wewe, na mimi nitakaa kando yako. Wakiizima, wameizima. Kwani tuliitengeneza ya nini?"

Kamati ilikaa Jumatano asubuhi, Naivasha, kwenye chumba chenye meza ndefu, chupa ya chai na sahani ya mandazi ambayo hakuna aliyeigusa. Mwenyekiti, ambaye sitamtaja, alikuwa na tabia ya kugonga meza kwa kalamu. Naliaka alikaa mwisho wa meza, blauzi nyeupe, mikono mapajani, akitazama mbao za meza. Ndiyo mara ya kwanza kuuona uso wake vizuri. Nikasimama. Nikawaeleza juu ya simu moja, wasichana watatu, na karatasi iliyobandikwa kwa ugali.

"Kwa hivyo unatuambia chombo chenu ni cha uongo," mwenyekiti akasema.

"Chombo kilihesabu simu, mwenyekiti. Mimi ndiye nilisema ni watu. Na hilo neno kwamba amenakili ni langu, sikuwa na ushahidi wowote. Hata ile kanuni ya simu moja ni yetu, na ni mbaya. Yeyote aliyeivunja asiadhibiwe, naomba, tuadhibiwe sisi tulioiweka."

Kalamu ikagonga. "Hiyo ni kuhusu simu. Sisi tunataka kujua kama huyu anajua kazi yake." Akamgeukia mhadhiri mmoja wa maua aliyekuwa kwenye kamati, akamwambia amwulize chochote. Yule mhadhiri akafikiri. "Waridi linageuka njano, mishipa ya majani inabaki kijani. Lina shida gani?"

Naliaka akalirudia swali kwa sauti, taratibu, neno kwa neno. Akageuka kidogo kushoto, kama anayesubiri.

"Hujui?" mwenyekiti akauliza.

"Pole, sir. Nimezoea Moraa ndio anaanza." Mtu mmoja akacheka, akajizuia. Naliaka hakucheka. "Moraa angesema ni maji mingi. Wambui angesema nitrojeni." Akamtazama mhadhiri. "Sir, ni majani ya juu ama ya chini?"

"Ya juu. Machanga."

"Basi si nitrojeni, hiyo huanza na ile majani nzee ya chini. Hapo ni madini ya chuma. Inaweza kuwa iko kwa udongo lakini mizizi haiwezi kuichukua, sana sana kama maji yako iko na magadi. Ningepima maji kwanza kabla niongeze mbolea."

Mhadhiri alikuwa ameshaanza kuitikia kwa kichwa kabla Naliaka hajamaliza. Mimi nilikuwa bado niko kwenye lile swali lake dogo, la juu ama la chini. Alikuwa mbele ya watu wanaoweza kumrudisha nyumbani, na hata hapo hakutaka kulihukumu ua kabla ya kuulizia habari zake.

Barua ilifutwa. Wambui hakuandikiwa. Mwenzako ilizimwa muhula mzima, kama nilivyoogopa, na matawi mengine yakangoja. Mkataba wangu ulipoisha, Mwalimu alinichukua kama msaidizi wake wa kufundisha, akanipa kile kiti changu cha stoo, na hakuwahi, mpaka leo, kunikumbusha nilichokuwa nimeandika. Siku ile ya kamati hakusema neno hata moja. Alikaa kando yangu kama alivyoahidi, kiwiko chake kikigusa changu, na nilipokaa chini alinimiminia chai, akasukuma kikombe mpaka kikanigusa vidole. Nimekuwa na wakubwa wengine tangu wakati huo. Wapo walionisifu zaidi, wapo walionitetea pale nilipokosea mpaka nikaamini sikukosea. Ni huyu mmoja aliyenipenda kiasi cha kuniacha nisimame. Hicho ndicho nilichotaka kukisema Jumamosi. Naliaka hakuweza kuja kwenye sherehe, ni msimu wa kupanda huko Molo anakosimamia mashamba ya mbegu za viazi, lakini alituma magunia mawili ya viazi, na Mwalimu aliyapitia akichagua kimoja kimoja kama mtu wa soko.

Mwanzo halisi wa programu, ile ambayo kijana wa suti anaijua, yenye akaunti za vikundi na zamu za kusoma swali, ulikuwa nje ya chumba kile cha kamati. Mwalimu alibaki ndani kutia saini karatasi. Nikatoka, nikamkuta Naliaka amekaa kwenye ngazi peke yake, jua la saa tano usoni, barua yake ameikunja mara nne. Nilikuwa nimetayarisha maneno tangu Nakuru. Sikutumia hata moja.

"Naliaka, pole. Ni mimi niliandika."

"Najua, Madam. Si nimesikia ukisema."

"Nilikuja nyumbani kwenu Ijumaa. Nikaongea na mamako, na Wambui, na Moraa."

"Waliniambia." Alinyoosha ile barua juu ya goti, akaikunja tena. "Kila Alhamisi ulikuwa unakaa nyuma yangu. Dawati moja tu. Nilikuwa nasikia ukibonyeza. Mbona hukuniuliza?"

Hakuwa na hasira. Aliuliza kama alivyouliza juu ya majani, kwa sababu alitaka kujua. Nilitafuta jibu lenye kompyuta ndani yake, lenye data, lenye kanuni, na halikuwepo.

"Sikufikiria kukuuliza," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa polepole, akiliweka jibu hilo mahali pake. Kisha akasogea upande, akapangusa ngazi kwa kiganja.

"Basi niulize sasa."